Limor Fried, injinia aliyetoa michoro bure na bado akauza

Wadau, kuna mtu huwa namtaja sana kwenye magrupu yetu ya elektroniki na kila nikimtaja naulizwa "huyo nani tena", sasa leo nimeamua niandike yote mahali pamoja, nikiulizwa tena nadondosha linki tu yaishe.

Anaitwa Limor Fried, Mmarekani, injinia wa umeme, mwanzilishi na mmiliki wa kampuni inaitwa Adafruit Industries ya New York. Kama umewahi kununua zile taa za LED za mkanda ambazo kila taa unaipangia rangi yake peke yake, ukasikia watu wanaziita NeoPixel, basi hilo jina ni la kampuni yake, hata kama mzigo wako wewe ulitoka Uchina na haukupita kwake hata siku moja. Na kama umewahi kutafuta mtandaoni namna ya kuunganisha sensa ya joto au skrini ndogo ukaangukia kwenye ukurasa wenye picha kubwa safi, kila waya una rangi yake, hatua baada ya hatua mpaka kitu kinawaka, kuna uwezekano mkubwa ulikuwa unasoma maelekezo ya watu wake bila kujua.

Sasa kwanini namsema sana. Mabilionea wa teknolojia wapo wengi na habari zao tumezisikia mpaka basi, fulani aliacha chuo, fulani alianzia gereji, fulani akapewa mamilioni na wawekezaji. Huyu yeye alikuwa na hobi tu, kulehemu vitu vyake usiku, na hobi ile ikageuka kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 100 bila mwekezaji wa nje hata mmoja, mpaka leo kampuni ni ya kwake. Na ameijenga kwa kutoa bure kile kitu ambacho sisi mafundi wa huku tunakificha kuliko pesa, yaani mchoro wa saketi. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa na ndilo nataka tuliongelee, maana nimelifikiria kwa muda mrefu na naamini kabisa lina kitu kwa ajili yetu.

Tuanze mwanzo. Limor alisoma MIT, kile chuo cha Cambridge, Massachusetts, uhandisi wa umeme na kompyuta. Ila ukiangalia kazi zake za wakati ule unaona huyu mtu darasa lilikuwa halimtoshi, anatengeneza vitu ambavyo hakuna mwalimu aliyemtuma, na kila akimaliza kitu anapiga picha, anachora saketi vizuri, anaweka kwenye websaiti yake, kodi ya programu anaweka, orodha ya vipande anaweka, hata pale alipokwama anaeleza. Tasnifu yake ya masters ya mwaka 2005 ilihusu vifaa vya mtu kujikinga na usumbufu wa teknolojia inayomzunguka. Kimoja ni miwani ambayo ikihisi kuna TV inawaka mbele yako vioo vinakuwa vyeusi, usiione. Kingine ni kifaa kidogo cha mkononi cha kuziba mawimbi ya simu. Hicho cha pili sheria ya Marekani hairuhusu kukiuza na yeye hakukiuza, alieleza kinavyofanya kazi akaishia hapo. Napenda sana hilo. Sio kila unachoweza kutengeneza unakipeleka sokoni.

Watu waliokuwa wanasoma ile websaiti wakaanza kumwandikia, dada mchoro tumeuona ila vipande tunavipata wapi, huwezi kutukusanyia ukatuuzia? Na hapo ndipo Adafruit ilipozaliwa, mwaka huohuo 2005, chumbani kwake chuoni. Jina limetoka kwenye jina alilokuwa akitumia mtandaoni, Ladyada, kumuenzi Ada Lovelace, yule mama wa Uingereza ambaye mwaka 1843 aliandika maelezo ya namna mashine ya hesabu ya Charles Babbage ingeweza kupewa maagizo hatua kwa hatua, wakati mashine yenyewe hata haijajengwa. Yaani amechagua jina la mtu aliyekumbukwa kwa kuandika maelezo ya mashine. Ukijua baadaye kampuni imekuja kuwa nini, unaona lile jina lilikaa mahali pake.

Moja ya vitu vya mwanzo vilivyompa jina ni mashine ya muziki inaitwa x0xb0x. Hii ina historia tamu. Kampuni ya Roland ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 80 ilitoa kisanduku cha TB-303, lengo mpiga gitaa akiwa peke yake kimpigie besi. Hakikuuza vizuri, kufika 1984 wakaacha kukitengeneza, vikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Sasa vijana wa Chicago wakavinunua vile vya mtumba, wakavizungusha vitufe kwa namna ambayo Roland hawakuitegemea, ikatoka ile sauti ya kulialia ya muziki wa acid house, na ghafla kila produsa anakitaka na hakipo tena, bei ikapaa. Limor akaamua kukijenga upya kutoka ndani, saketi kwa saketi. Ukichungulia kazi ile unaona ugumu ulikuwa wapi, sauti ya kile kisanduku inategemea tabia ya transista fulani za zamani ambazo zilishaacha kuzalishwa, ukiweka za kisasa kinalia, ila hakilii vile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ikawa kusaka akiba za transista za zamani zilizobaki kwenye stoo za watu, halafu kuzifunga kwenye seti pamoja na vipande vingine vyote, bodi, kisanduku na maelekezo, mteja anakaa nyumbani analehemu mwenyewe.

Na mchoro wote uko wazi mtandaoni. Ukitaka usinunue kwake, usinunue, tafuta transista zako mwenyewe.

Halafu kuna MintyBoost, hii ndiyo kipenzi changu. Ni chaja ya dharura ya simu inayokaa ndani ya kikopo cha bati cha peremende. Ndani kuna betri mbili za AA na saketi ndogo. Betri mbili za AA zinakupa volti 3, simu kwenye USB inataka 5. Kwa hiyo kuna chipu inayowasha na kuzima umeme kwenye koili kwa kasi kubwa mno, maelfu ya mara kwa sekunde, kila ikizima koili inagoma umeme wake kukatwa ghafla na inausukuma kwa volti ya juu zaidi, diodi inauruhusu kupita kwenda mbele na inauzuia kurudi, kapasita inaupokea na kuutuliza, unapata volti 5. Hicho ndicho kinachofanyika ndani ya kila pawabenki unayoiona mtaani leo. Tofauti ni kwamba pawabenki imegandishwa kwa gundi kila upande, huioni, wakati MintyBoost umeilehemu wewe kwa mkono wako kipande kwa kipande, mtoto wa sekondari akiimaliza anajua koili inafanya nini, na hatasahau.

Sasa ikatokea ishu. Simu za Apple zikaanza kugoma kuchaji kwenye chaja ambazo sio zao. Volti 5 ipo, mita inasoma vizuri, simu inasema chaja hii haitumiki. Mafundi simu mnaijua hii hali, mteja amesimama mbele yako kaunta na huna cha kumwambia. Limor akachukua chaja halisi za Apple, akazifungua, akapima zile nyaya mbili za katikati za USB, zile za data, ambazo kwenye chaja ya kawaida watu walikuwa wanadhani hazina kazi. Akakuta zina volti yake maalum, kwa mfano zote mbili zikikaa kwenye volti 2 hivi simu inaelewa kwamba chaja hii inaruhusu nusu ampea, na ukibadilisha mpangilio inaelewa inaruhusu ampea nzima. Ni kama hodi ya siri ya mlangoni, ukiigonga sivyo hufunguliwi. Na dawa yake ni rezista nne za bei ya karanga, mbili mbili, zinazogawa ile volti 5 ifike kiwango kinachotakiwa.

Ebu jiulize, fundi wa Kariakoo akigundua kitu kama hicho leo anafanyaje? Anatengeneza chaja zake, anamwaga gundi nyeusi juu ya zile rezista nne, anauza kwa bei ya juu mpaka mwingine agundue. Limor yeye alirekodi vidio, akaonyesha mita, akataja namba, akachora mchoro, akaweka hadharani dunia nzima. Halafu akauza MintyBoost toleo jipya lenye hizo rezista, na watu wakainunua.

Kwanini wanunue wakati siri wameshapewa? Hapa ndipo penye biashara yenyewe. Chukua kitu chenye vipande ishirini. Mchoro unao, bure. Sasa toka nenda Kariakoo ukavitafute. Duka la kwanza lina rezista halina koili, la pili lina koili ya thamani nyingine, jamaa anakwambia "chukua hiyo hiyo inafanana", la tatu lina chipu lakini unaiangalia maandishi yake unaona kabisa imefutwa ikaandikwa upya, kapasita mbili tu unazotaka muuzaji hataki kukufungulia pakiti. Jioni umekula nauli, umekula jua, na bado bodi huna. Mtu akikwambia seti hii hapa, kila kitu kimehesabiwa, chipu ni halali nimeipima, bodi imechapishwa, na ukikwama kuna maelekezo yenye picha, unalipa na unashukuru. Kwa hiyo mchoro wa bure ndio unaokuletea mteja, ameusoma, amekuamini, ameona unajua unachokifanya, kilichobaki ni yeye kupunguziwa usumbufu. Hiyo ndiyo hela anayolipa.

Mtu mwingine atasema sawa, lakini wakija wa kukopi je? Wamekuja, na wengi tu. Bodi za Adafruit zimekopiwa na zinauzwa kwa bei ya chini mpaka huku kwetu, na leseni alizochagua zinaruhusu kukopi mchoro, kisichoruhusiwa ni kutumia jina la kampuni yake. Lakini anayekopi anakopi cha jana, na haandiki maelekezo, akiuza bodi yake bado anamtuma mteja kwenye ukurasa wa Limor kujifunza. Mimi mwenyewe nimenunua vikopi, sina pesa ya kulipia usafiri kutoka New York kila mara, na kila nikikwama nakimbilia maelekezo yake, halafu nikipata nafasi ya kuagiza kitu cha uhakika kwa kazi ya mteja naagiza chake. Sidhani niko peke yangu kwenye hilo.

Na msimamo wake hakuutunza kwa ajili ya vitu vyake tu. Novemba 2010 Microsoft walitoa Kinect, ile kamera ya kuchezea gemu bila rimoti, ina sensa inayopima umbali wa kila kitu chumbani, kifaa ambacho kabla yake cha namna hiyo kilikuwa ghali sana. Adafruit wakatangaza zawadi ya dola 1,000 kwa wa kwanza atakayeandika programu ya wazi ya kuitumia ile kamera kwenye kompyuta yoyote. Microsoft wakatoa kauli ya kutopendezwa. Adafruit wakapandisha zawadi ikawa 2,000, baadaye 3,000. Ndani ya wiki moja tangu kamera iingie sokoni Mhispania mmoja, Héctor Martín, akawa ameshinda. Baada ya hapo watu wa roboti, wa tiba, wa sanaa, vyuo vikuu, wote wakaanza kuitumia Kinect kwa kazi ambazo hazina uhusiano wowote na gemu. Kampuni ndogo iliyoanzia chumba cha mwanafunzi imefungua mlango ule kwa dola elfu tatu.

Kutambuliwa kulifuata. 2009 alipewa tuzo ya Pioneer ya EFF, lile shirika la kutetea uhuru wa mtandaoni. Aprili 2011 akatokea kwenye kava la jarida la Wired na nywele zake za pinki, injinia mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kava lile. 2012 jarida la Entrepreneur likamtangaza mjasiriamali wa mwaka. Nayataja haraka maana yeye mwenyewe ukimwangalia kwenye vidio zake za kila wiki, ile shoo ya Ask an Engineer, hazungumzii matuzo, anashika bodi karibu na kamera anaonyesha huu ndio mguu wa kuwashia, huu ndio wa data, chipu hii tumeichagua kwa sababu hii. Mwenye kampuni, kila wiki, anajibu maswali ya wanaoanza. Kiwandani kwake huko New York kuna mashine zinazookota vipande vidogo kuliko punje ya mchele na kuvipanga kwenye bodi kwa kasi ya ajabu, na zimepatikana kwa faida ya mauzo, leo kidogo kesho kidogo, bila presha ya mwekezaji anayetaka hela yake irudi mara kumi.

Haya, turudi nyumbani.

Kwetu ufundi una siri. Aliyewahi kuwa kijana wa fundi anajua, unakaa benchi miezi na miezi, unafagia, unafungua skrubu, unapangusa bodi kwa spiriti, na ikifika ile hatua yenyewe ya kazi unaambiwa "ebu kimbia pale kaniletee chai". Ukirudi redio inaimba. Kuna mafundi wanakwaruza namba za chipu kwa msasa ili atakayefungua baada yake asijue ni ya aina gani. Na mimi siwalaumu kama watu wabaya, nawaelewa vizuri tu. Fundi hana hati miliki, hana mkataba na yule kijana, hana duka la jina, mtaji wake wote uko kichwani, na ameshaona mara ngapi kijana aliyemfundisha anafungua kibanda upande wa pili wa barabara na kushusha bei. Kuficha ni woga wenye sababu zake.

Ila nimeona na upande mwingine. Baba yangu mdogo alikuwa fundi redio Morogoro, enzi za redio za betri nne kubwa, na alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wenzake walimshangaa nayo. Kila redio akiimaliza, kabla hajafunga mfuniko wa nyuma, anachana kipande cha karatasi cha daftari, anaandika kwa kalamu ya bluu kilichokuwa kibovu, alichokibadilisha, thamani yake, tarehe, anakikunja na kukibandika kwa ndani kwa selotepu pembeni ya spika. Mwandiko wake wa kulala, namba amezipigia mstari chini. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza, "Baba mdogo, sasa fundi mwingine akifungua si atasoma?" Akanijibu huku anakaza skrubu, "Asome. Akisoma atajua nilipoishia, hataharibu redio ya mtu." Watu walikuwa wanatoka mpaka Mikese na Mvomero wanamletea yeye, wanapita mafundi wengine njiani. Na mafundi wengine wakishindwa kazi, wanamletea yeye pia, maana walishasoma karatasi zake ndani ya redio wakajua huyu mtu anajua.

Kwa hiyo mtu akiniambia mambo ya Limor Fried ni ya Marekani, kwetu haiwezekani, huwa namkumbuka mzee yule. Hata hivyo hoja hiyo siidharau, kuna sehemu ni kweli tupu. Limor alianza mahali ambapo mwanafunzi anaagiza vipande leo vinamfikia mlangoni baada ya siku chache, mteja wa mbali analipa kwa kadi bila maswali, posta inafika, na wapo watu wengi wenye hela ya kununua kitu cha kuchezea tu. Hapa kwetu mzigo unakaa njiani, ukifika kuna kodi, mteja anataka akione kwanza, na hobi yenyewe wazazi wengi wanaiona ni kuharibu vitu vya ndani. Mtaji wa seti hamsini tu za kitu kidogo ni hela nzito kwa kijana aliyetoka chuo cha ufundi kama VETA au DIT juzi. Hayo yote ni ya kweli, na mtu asidanganywe kwamba ukiwa na moyo tu yanaisha.

Lakini angalia kazi ya Limor ilianzia wapi. Ilianzia kuandika. Kabla hajauza kipande hata kimoja alikuwa ameshaandika maelekezo mazuri kiasi kwamba watu wasiomjua walimwandikia wakimuomba awauzie. Hiyo sehemu haihitaji kontena, haihitaji mkopo, inahitaji simu yenye kamera, mwanga wa dirishani na uvumilivu wa kupiga picha kila hatua badala ya kupiga moja ya mwisho kitu kikiwa kinawaka. Na kwa Kiswahili uwanja uko mtupu jamani. Tafuta leo maelekezo ya Kiswahili ya kupima MOSFET (aina ya transista) kwa mita, au ya kusoma mchoro wa chaja, utapata vidio ambapo fundi anaonyesha kichwa chake dakika nane na bodi sekunde kumi. Vijana wetu wanasoma vitu hivi kwa Kiingereza cha kubahatisha, nusu wanaelewa nusu wanakariri. Atakayeandika vizuri kwa Kiswahili, kwa bei za hapa na vipande vinavyopatikana hapa, huyo ndiye watu watakayemwandikia "kaka, dada, nikusanyie hivyo vipande nakutumia hela kwa simu".

Kwa wanaotaka kuanza bila kununua chochote cha kwake, kuna zawadi nyingine aliyotupa. 2017 Adafruit walitoa CircuitPython, lugha ya kupangia hizi bodi ndogo, wameijenga juu ya MicroPython, yaani Python ya bodi ndogo, ambayo nayo ni ya wazi. Uzuri wake ni huu, ukichomeka bodi yenye CircuitPython kwenye kompyuta inatokea kama flashi, imeandikwa CIRCUITPY. Unaifungua, unakuta faili linaitwa code.py, unaliandika kwa programu yoyote ya maandishi, ukisevu tu bodi inaanza kufanya ulichoandika hapo hapo. Hakuna cha kushusha programu kubwa inayokula bando, hakuna cha laptop kuwa na nguvu, hata ile kompyuta ya shule ya zamani inatosha. Na inafanya kazi kwenye mamia ya bodi zikiwemo za washindani wake, hata Raspberry Pi Pico ambayo ilitoka 2021 kwa dola 4. Nimewaonyesha watoto wa jirani, binti mmoja wa kidato cha pili akafanya taa iwake yeye akipiga makofi, alipobadilisha namba moja kwenye lile faili na kuona taa imetii alimwita mama yake toka jikoni aje aone.

Basi na mimi nimeamua kuanza, na mradi wa kwanza nitakaouandika wote, mchoro, picha, bei, ni beki-apu ya ruta ya intaneti kwa ajili ya umeme ukikatika. Kila mtu ana shida hii, umeme unaenda, simu ina chaji, laptop ina chaji, ruta imezima. Vipande ni betri za 18650, zile seli za duara za lithiamu, ambazo nzuri nyingi zinapatikana ndani ya betri za laptop zilizokufa, maana mara nyingi seli mbili ndizo zimekufa na nyingine ni nzima, ila lazima uzipime moja moja na iliyoshuka sana usiirudishe kazini. Kisha bodi ndogo ya TP4056 ya kuchajia, hakikisha ni ile yenye ulinzi, na bodi ya MT3608 ya kupandisha volti.

Hiyo MT3608 ina skrubu ndogo ya rangi ya shaba juu ya kiboksi cha bluu, na hapo ndipo wengi wanaunguza ruta. Ikitoka dukani haijapangwa, inaweza kutoa volti yoyote, kwa hiyo unaunganisha betri kwanza, ruta bado iko mbali, mita iko kwenye miguu ya kutokea, unazungusha skrubu kinyume cha saa. Mwanzoni utazungusha mizunguko mingi na namba haisogei kabisa, usidhani ni mbovu, endelea, ghafla itaanza kusogea, unaenda taratibu mpaka isome 12.0, hapo unadondosha tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isitembee. Na usiamini maandishi ya adapta peke yake, ruta nyingi nilizopima zimeandikwa 12V 1A lakini zikiwa kazini hazifiki hata nusu ya hiyo ampea, na ni vizuri maana kwa seli za volti 3.7 bodi hii ukiilazimisha kutoa ampea nzima itachemka mpaka ikate. Kama ruta yako inakula zaidi ya hapo tutahitaji bodi kubwa, nitaieleza peke yake.

Mchoro nimeshauchora, picha napiga wikiendi hii mwanga ukiwa mzuri. Nikimaliza naupandisha wote bure, na kama kuna watu watataka seti iliyokusanywa na kupimwa tutaongea bei. Walioko Mwanza, Mbeya, Arusha na Mombasa naomba mniandikie TP4056 na MT3608 kwenu zinauzwaje na zinapatikana maduka ya aina gani, niziweke kwenye orodha moja, na kama ruta yako ni ya volti 9 sema pia, maana skrubu itabidi isimame kwingine.